Barakoa ya Ngozi ya Beberu

Tulipomaliza kumzika mama, wageni wakaondoka, nikabaki na kazi ya kutoa vitu vyake nje ya nyumba yake ya Rubona. Nilikuwa nimeshapanga masufuria, nyavu alizokuwa akianikia sambaza, vile visamaki vya ziwani, na vitenge vyake vyote, nilipovuta ndoo ya plastiki kutoka chini ya kitanda. Mfuniko wake ulikuwa umekazwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Niliufungua bila kuwaza. Harufu iliyotoka humo ilinifukuza mpaka mlangoni, nikatapika juu ya maua aliyokuwa akiyamwagilia kila asubuhi.

Wenzangu wa rika langu, tukikaa na kuanza kukumbuka utoto, hutaja harufu nzuri nzuri: mvua ya kwanza, maziwa ya moto, sabuni ya bibi zao. Mimi utoto wangu unanuka beberu. Kwa asiyewahi kusimama karibu na beberu wakati anapotafuta majike, nimweleze tu kwamba ni mnyama anayejikojolea ndevu kwa hiari yake, kisha akatembea kifua mbele akijiona amependeza. Harufu hiyo haitoki kwa maji, haitoki kwa sabuni, na sasa najua kwamba haitoki hata kwa miaka.

Ndani ya ndoo, katika kitenge kilichokunjwa vizuri, ilikuwamo barakoa. Si hizi tulizovaa wakati wa korona. Huu ulikuwa uso mzima wa ngozi, wenye matundu mawili ya macho, mdomo uliopanuliwa ukawa shimo, na ndevu zenyewe za beberu zikining'inia chini. Niliitambua papo hapo. Miaka yote hiyo niliamini kwamba iko chini ya Ziwa Kivu, na niliridhika kabisa ibaki huko.

Aliyeitengeneza ni Mwalimu Telesfori. Alikuwa mmoja wa waliorudi Rwanda kutoka Tanzania, mtu mrefu mwenye suti moja ya kahawia, na Kiswahili chake kilinyooka mpaka wavuvi wa bandarini walikuwa wakinyamaza ili wamsikie anavyoagiza chai. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata kwake, na hata hilo linaniudhi. Alikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, kinachoeleza jinsi tamthilia ya Wazungu ilivyozaliwa na kukua, na alikipenda kuliko mkewe. Mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, sokoni, kwa sauti.

Baada ya masomo alitukusanya nyuma ya darasa, sisi wa kikundi chake cha maigizo, akatufungulia kitabu.

"Wanangu," alisema, "tamthilia haikuzaliwa katika jumba la mfalme. Ilizaliwa kwa Wagiriki, kwenye sherehe ya mungu wa mvinyo. Walimchinja beberu, wakaizunguka madhabahu wakiimba. Ndiyo maana tanzia, yaani mchezo wa huzuni, wao wenyewe waliuita wimbo wa mbuzi."

"Kumbe mbuzi anaimba, Mwalimu?" aliuliza Inosenti, mvulana wa jirani yetu, ambaye wakati ule sauti ilikuwa imeanza kumkatika katikati ya maneno.

"Anaimbiwa, mwanangu. Anaimbiwa."

Mimi niliyaelewa hayo kwa namna yangu. Hapo Rubona tulikuwa na kiwanda kikubwa cha bia, na upepo ukigeuka, harufu ya machicha ilitufuata mpaka kitandani. Nikaona jambo liko wazi: mungu wa mvinyo anaishi mle ndani, ule moshi ni wa jiko lake, na malori yanayotoka asubuhi yanapeleka baraka zake mjini. Sikumwuliza mtu. Nilipopita getini na ndoo yangu ya maji nilikuwa nikiinamisha kichwa, na walinzi walidhani nina adabu sana.

Mwalimu aliendelea. Mwanzoni, alisema, lilikuwa kundi tu la watu wanaoimba na kuitikiana. Siku moja mtu mmoja akatoka kundini, akasimama peke yake, akalijibu kundi. Kila alipofika hapo sauti ilimtetemeka. "Hatua moja tu, wanangu! Mtu mmoja alitoka kundini, na tamthilia ikazaliwa." Kisha akaja mchezaji wa pili, na wa tatu, na barakoa. Kisha Kanisa likaifungia tamthilia nje, halafu Kanisa lilelile likairudisha ndani siku ya Pasaka, ili watu waone wale wanawake wakilikuta kaburi liko wazi. Kisha mikokoteni iliyozunguka mijini ikiwa imebeba jukwaa, na wavulana waliovaa magauni kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupanda, mpaka kufikia sebule ya kisasa iliyotolewa ukuta mmoja ili watu wachungulie ugomvi wa mume na mke. Haya yote alitaka tuyaonyeshe alasiri moja, siku ya sikukuu ya shule.

Kwa mahali, hakuhangaika. Juu ya bandari palikuwa na kiwanja kidogo, na nyuma yake mteremko wa nyasi unaopanda mpaka kwenye mashamba ya maharage. Mwalimu alisimama pale chini, akapiga makofi mara moja, akasikiliza jinsi sauti inavyopanda. "Wagiriki walivichonga vilima ili watu wakae," alisema. "Sisi Mungu ametuchongea." Katika hilo alikuwa sahihi, nakiri kwa shingo upande.

Kundi la waimbaji alilichukua kutoka ziwani. Wavuvi wetu wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na huimba ili makasia yote yaingie majini kwa wakati mmoja: mmoja anatupa sauti, wengine wanaitikia. Aliyekuwa akitupa sauti ni Rukara, mtu mweusi mfupi mwenye kifua kama pipa. Mwalimu alipowasikia mara ya kwanza alishika kichwa, akasema Wagiriki wamefufukia Rubona.

"Mwalimu," Rukara akamwambia, "siye hatuko Bagiriki. Siye tuko bavuvi tu."

Barakoa ilitengenezwa mbele ya macho yetu, na bora nisingeona. Mwalimu alipata ngozi ya kichwa cha beberu kwa mchoma brosheti, yaani mishkaki, wa barabarani, akaipaka majivu na chumvi, akaianika juu ya paa la jiko la shule. Mvua ikanyesha. Alipoishusha ilikuwa inateleza, na upande wa ndani funza walikuwa wameshafungua shule yao. Tulipewa vijiko tukwangue mafuta. Yalikuwa ya njano, yalijikunja chini ya kijiko na kuingia kwenye kucha, na nzi walikuja kutoka kote wilayani. Akaitandaza juu ya chungu ili ipate umbo la uso, akatoboa macho, akafunga kamba za katani pembeni. Kisha akatuambia kila mmoja aivae kidogo, ili ajue ulimwengu unavyoonekana kutoka ndani ya barakoa. Niliivaa. Ulimwengu ulionekana kupitia mate ya Inosenti, ambaye siku hiyo alikuwa na mafua.

Na bado nilikuwa na hofu yangu nyingine. Nyogokuru, mama yake baba, ambaye tuliishi kwake tangu baba alipofariki, alikuwa wa zamani kabisa. Kwake mwanamke haonji nyama ya mbuzi, kwa sababu akionja ataota ndevu na kuwa mkaidi kama mbuzi mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kama ngozi nayo imo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kusali, nilijipapasa kidevu.

Katika nyumba hiyo ya Nyogokuru tulikuwa wanne, na msimu wa mvua uliotangulia tukawa watatu. Kaka yangu Fidele alikuwa mpiga kasia wa Rukara. Upepo ulishuka kutoka upande wa volkano, mitumbwi ikapinduka, wenzake wakaogelea, yeye ziwa likamrudisha ufukweni baadaye kwa wakati wake lenyewe. Mama alikuwa mzaliwa wa ng'ambo, upande wa Goma, na Kiswahili cha huko ndicho alichotuletea nyumbani, ingawa na Nyogokuru tuliongea Kinyarwanda. Kule kwao mtu akifa analiliwa mpaka kilima cha pili kijue. Pale kaburini nilimwona mama akifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Nyogokuru akamshika mkono.

"Hapa si kwenu," alimwambia polepole. "Katika nyumba hii mtu hapasui uso wake mbele za watu."

Mama akafunga mdomo. Tangu siku hiyo uso wake ulikuwa kama duka lililofungwa. Aliamka, akabeba karai la sambaza, akauza, akarudi, akapika. Watu walimwambia "ihangane," vumilia, naye aliwashukuru kama mtu aliyepewa kiti. Mimi niliyaona yote hayo na nikayaelewa kinyume. Niliona kwamba mama hana cha kulia, kwamba Fidele hakuwa kitu kwake. Nilianza kula nikiwa nimempa mgongo.

Ndipo siku moja, katika mazoezi, Mwalimu akatutangazia tanzia yetu. "Mbuzi wa Wagiriki tumempata. Sasa huzuni lazima iwe ya kwetu. Mama amempoteza mwanawe ziwani."

Wavuvi wakatazama chini. Rukara ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Mwalimu, mama Fidele anajua hii maneno?"

"Sanaa haiombi ruhusa, Rukara. Isitoshe, sitataja jina."

"Hautaja jina, lakini ziwa ni hii moja."

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa ameshageukia kitabu. "Yale mazishi yalinisumbua sana," alisema, kana kwamba anazungumzia chakula kilichokosa chumvi. "Mama hakulia. Sisi tutamwongezea kilio, maana mtazamaji asipopewa kilio anaondoka na njaa."

Mtazamaji! Nilikuwa mtoto, lakini neno lile lilinikaa vibaya tumboni. Kumbe siku ile tulipokuwa tunamshusha Fidele, mtu huyu alikuwa amekaa pale kama mtazamaji, na alikuwa hajashiba.

Niliinua mkono nikaomba niwe mimi huyo mama. Nilitaka walau awe mtu wa nyumba yetu. Mwalimu alinitazama kwa huruma, akanikumbusha kwamba kwa Wagiriki wanawake hawakupanda jukwaani, nasi lazima tuheshimu asili. Akampa Inosenti. Mimi nikawekwa kwenye mbuzi, wale watoto wa kuzunguka madhabahu wakiwa na mikia ya migomba. Inosenti akaanza kujifunza kilio. Alikuwa akisema "Mwanangu weee!" huku sauti ikipanda na kuvunjika, na mikono akiitupa hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Tulipokuwa peke yetu alituonyesha anavyoweza kukifanya kirefu zaidi, na wenzangu walianguka kwa kicheko.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Siku ya sikukuu Rubona nzima ingekaa kwenye ule mteremko, na mama katikati yao, akimtazama mvulana mwenye ndevu za mbuzi akimlilia Fidele kwa niaba yake. Wangecheka, nilijua. Naye kwa uso wake ule angelazimika kukaa na kuvumilia kuchekwa msiba wake. Nilikuwa nimemkasirikia mama, ndiyo, lakini hasira ya ndani ya nyumba ni ya ndani ya nyumba. Sikutaka mtu wa nje amguse.

"Mama, usikuje," nilimwambia. "Ni mambo ya Bazungu na mbuzi. Haiko muzuri."

Alikuwa anachambua sambaza, akitupa pembeni walioharibika. "Bazungu na mbuzi?" alisema. "Bon. Hiyo mi naenda kuona."

Akaja. Wote walikuja: wafanyakazi wa kiwanda na bia zao, wauza samaki, askari kadhaa, padri. Nyogokuru alikaa mbele kwenye kiti chake alichobebewa kutoka nyumbani, amevaa mushanana wake mweupe, lile vazi la kufungwa begani. Mama alikaa juu kidogo kwenye nyasi, karai lake kando, maana alikusudia kupitia bandarini baadaye. Jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa ule wa machicha.

Mwalimu alieleza asili ya tamthilia kwa maneno mengi. Sisi mbuzi tukazunguka, wavuvi wakaimba, watu wakafurahi. Kisha Inosenti akatoka nyuma ya pazia, ambalo lilikuwa shuka la mke wa Mwalimu, amejifunga kitenge na amevaa barakoa. Nzi waliingia naye jukwaani.

"Ewe ziwa!" alisema. "Umenichukulia mwanangu weee!" Na hapo, kwenye "weee," sauti ikamkatika, ikatoka kama ya jogoo mchanga.

Walianza watoto. Kisha wafanyakazi wa kiwanda. Kisha kicheko kikapanda mteremko mzima mpaka kwenye maharage. Inosenti, maskini, alidhani amepatia, akaongeza mikono. Wavuvi walitakiwa waitikie, lakini Rukara alikuwa ameweka kasia lake chini na kufunga mdomo, na wenzake vilevile. Mwalimu aliwapungia, akawakonyeza, akaimba yeye mwenyewe kwa sauti ndogo ili awakumbushe. Hakuna aliyefungua mdomo. Ndipo mtu mmoja katikati ya watu akasema kwa sauti, kwa furaha ya aliyetegua kitendawili, "Ahaa! Huyu ni mama Fidele!"

Vichwa vyote vikageuka kumtafuta mama. Wengine walikuwa bado na meno nje. Nilichukia kila jino nililoliona.

Mama akasimama. Alijifuta nyasi kwenye kitenge, akasogeza karai lisikanyagwe, akaanza kushuka kati ya watu bila haraka. Nilijua anaenda kumpiga Inosenti, na nilimwombea ampige sana. Alifika mbele yake akanyoosha mkono.

"Leta."

Inosenti hakuelewa.

"Leta hiyo kitu. Toa ku sura."

Aliivua. Uso wake ulikuwa umejaa jasho na kamasi, na unywele wa mbuzi umebaki mdomoni. Mama aliigeuza barakoa akatazama ndani. Niliona koo lake likipanda na kushuka, kama mtu anayezuia kutapika. Kutoka kwenye kiti chake Nyogokuru akapiga kelele kwa Kinyarwanda, "Yewe! Hiyo ni mbuzi!" Mama hakugeuka. Aliuingiza uso wake mle ndani, akazifunga kamba mwenyewe kisogoni.

Halafu sauti ikaanza, chini kabisa, wala haikufanana na ya Inosenti. Mwanzoni nilidhani ni gari linapanda kilima.

"Fidele," ilisema. "Fidele we. Nilikuambia kula kwanza. Nilikuambia upepo iko mubaya. Supu yako iko ku moto, Fidele. Nani atakunywa?"

Na kisha ikapanda. Ilipanda mpaka ng'ambo, mpaka kwao, na ndani yake mlikuwa na kila siku aliyobeba karai na kila "asante" aliyowajibu watu. Mikono yake haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imening'inia tu, ile mikono ya kuuza samaki. Sauti ilipofika mwisho wa pumzi, Rukara akaitikia. Hakuna aliyemwashiria. Aliitikia kama anavyoitikiwa majini, wenzake wakafuata, na mama akaitupa tena, nao wakaipokea, wanaume wale waliokuwa kwenye mitumbwi siku ile, walioogelea wao wakafika.

Nilisimama na mkia wangu wa mgomba, nikijua kwamba nilikosea kila kitu kuhusu mama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nyogokuru alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja ncha ya mushanana.

Sauti iliisha yenyewe. Na hapo, kabla mtu hajameza mate, Mwalimu Telesfori akaanza kupiga makofi.

Alipiga, watu wakamfuata, mteremko mzima ukalipuka. Askari walipiga makofi. Padri alipiga makofi. Mwalimu alikuwa anabubujikwa na machozi, anatugeukia sisi mbuzi na kusema, "Mmeona, wanangu? Mmeona? Ametoka kundini! Ndivyo ilivyozaliwa!" Walimpigia mama yangu makofi kama binti aliyeruka kamba vizuri. Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi na kutaka arudie. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona mengi ya kunikirihi, lakini sijaona kitu kichafu kuliko viganja vile. Funza wa paa la jiko walikuwa safi zaidi. Mpaka leo nikialikwa kwenye maigizo ninakaa karibu na mlango, na taa zikiwashwa mwishoni ninaweka mikono chini ya mapaja.

Mama hakuivua. Alipanda mteremko akiwa nayo usoni, watu wakimpisha, akachukua karai lake. Mwalimu alimkimbilia.

"Mama Fidele! Ngoja kidogo, mama yangu. Umetutendea makubwa. Kuna wageni watakuja kutoka mjini, ukiweza kurudia mbele yao hivyo hivyo... Na barakoa, samahani, ni mali ya kikundi."

Sauti ya mama ilitoka kwenye lile shimo la mdomo, tulivu kabisa, ile ya kuuza samaki.

"Mwalimu, ulikamata kilio yangu bila kuniomba. Mi nakamata ngozi."

Mchezo uliishia hapo. Mikokoteni haikutoka, Pasaka haikufika, na mpaka leo sijui vizuri Wazungu waliingiaje sebuleni.

Njiani, kwenye bomba la maji, mama aliivua. Alitema nywele, akanawa, akasukutua mdomo mara nyingi, na alipoinuka uso ulikuwa umefungwa tena kama kawaida. Mimi nilikuwa nimemshika kitenge, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu.

"Mama, ulilia," nilimwambia.

"Nani?"

"Wewe."

"Mi sikulia, Mado," alisema. "Ile ilikuwa inalia ni mbuzi."

Nyogokuru alikuwa nyuma yetu, na kijana amembebea kiti. Alisikia kila neno. Nilingoja aseme kitu kuhusu mbuzi na ndevu, lakini aliangalia ziwa tu, akatuambia tutembee, jua linazama. Nikamwuliza mama atafanya nini na ule uchafu. Akasema atautupa majini. Nilimwamini, kwa sababu ndicho kitu ambacho mtu yeyote mwenye pua angefanya.

Sasa, baada ya kutapika kule mlangoni, nilisukutua mdomo kwenye bomba la uani, nikarudi chumbani, nikaiinua barakoa kwa ncha za vidole. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka kwenye paji la uso, na upande wa ndani, chini ya macho, ilikuwa imegeuka rangi, michirizi miwili myeupe ya chumvi. Kamba za katani za Mwalimu hazikuwapo. Upande mmoja palikuwa na uzi wa nyavu, wa kijani, umefungwa juu ya mabaki ya uzi mwingine wa nyavu uliooza. Upande wa pili palikuwa na kamba ya kiatu, nyeupe, mpya. Niliijua kamba hiyo. Ilikuwa ya viatu vya binti yangu Keza, alivyoviacha hapa likizo iliyopita.

Nikakaa kitandani. Nikakumbuka zile alasiri za kutoka shule na kukuta mlango wa chumba cha mama umefungwa kwa ndani, naye akitoka baadaye akisema alikuwa amelala. Nikakumbuka ile harufu ya beberu iliyokuwa ikija na kuondoka nyumbani kwetu, na jinsi nilivyowatukana majirani na mbuzi wao.

Mazishini sikulia. Nilikulia katika nyumba ya Nyogokuru, na uso wangu unajua kazi yake. Watu waliniambia "ihangane," nikawashukuru wote, nikahakikisha kila mtu amepata fanta. Mtu mmoja alinisifu kwa mumewe kwamba nimekuwa imara sana, na nilimsikia.

Nikaivaa. Ilinuka kuliko nilivyokumbuka. Unywele mmoja uliingia mdomoni mara moja, nikautema, nikaushika ukingo wa kitanda. Kisha nikazivuta kamba, ule uzi wa nyavu na ile kamba ya kiatu, nikazifunga kisogoni.

Sijui ilichukua muda gani. Nilisikia mlango, na kupitia matundu nikamwona Keza amesimama, amejibana pua kwa vidole viwili, macho yamemtoka.

"Mama," alisema. "Ni nini kinanuka hivyo? Unalia?"

"Hapana," nilimjibu kutoka mle ndani. "Ni mbuzi."